Nilisema Sisi Ni Wadogo

Nyambura, mama,

Wewe na mama yako mmekwenda Elburgon kumuaga cucu, bibi yako uliyebeba jina lake, na mimi nimesema goti linaniuma ili nibaki. Goti haliniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu kwa saa chache, kwa sababu kuna jambo ambalo sijaweza kukwambia nikikutazama, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi.

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua na ya kutowafungulia watu mlango, mama yako amekwisha kukwambia yote. Sitayarudia. Nataka kukueleza kwa nini Jumapili niliondoka mezani.

Tulikuwa tunachambua minji, zile njegere mbichi, sisi watatu. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwako tangu umalize kidato cha nne. Ulitueleza kuhusu mtandao ambao wewe na wenzako wawili mnaujenga huko Nairobi, wa watoto wanaopenda kuchora. Mtoto anaweka mchoro wake, wenzake wanausifu, wanaandikiana. Nikakuuliza, "Mtajuaje kama ni watoto?"

"Wataandika umri wao, Baba."

"Na zile kanuni za kulinda watoto? Idhini ya wazazi? Kujisajili na serikali?"

Ukacheka. Hukunicheka kwa dharau, ulicheka kama mtu anayemtuliza mzee. "Baba, hizo ni za makampuni makubwa. Sisi ni watu watatu na laptop mbili. Sisi ni wadogo. Nani hata atatuona?"

Nikasema naenda kumwangalia ng'ombe. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulidhani nimekasirika kwa sababu sikutaka uende. Sivyo. Maneno yale, "sisi ni wadogo," ni yangu. Niliyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, nikicheka hivyohivyo.

Unaikumbuka Meza ya Hesabu, tovuti yangu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na ulinisaidia kuchagua rangi yake. Niliijenga hapa sebuleni. Wanafunzi wangu walikuwa wametawanyika, wengine wanachimba viazi na wazazi wao, wengine wanachunga, na mimi nilikuwa mwalimu asiye na darasa. Nilijifundisha kutengeneza tovuti kwa kusoma usiku na mchana. Mtoto aliweza kuandika swali kwa simu ya mzazi, nami namjibu. Halafu wale wa kidato cha tatu wakaanza kuwajibu wa darasa la saba, na mimi nikaona nimefanya kitu kizuri. Na kilikuwa kizuri. Sitaki udhani nasema uongo kuhusu hilo. Kuna watoto hapa Molo waliofaulu hesabu kwa sababu ya ile tovuti, na mmoja wao sasa ni muuguzi, hunisimamisha barabarani kunishukuru. Kila akinishukuru nataka ardhi ipasuke.

Watoto waliniomba njia ya kuandikiana faraghani, wawili wawili, ili wasionekane wajinga mbele ya wengine. Nikaiweka. Ilinichukua jioni moja. Sikuuliza umri wa mtu. Mtu alihitaji jina na nywila tu, jina lolote, na akishaingia aliweza kumwandikia mtoto yeyote.

Shule zilipofunguliwa niliendelea nayo. Hapo ndipo barua pepe ilipokuja kutoka ofisi ya serikali inayosimamia taarifa za watu. Ilikuwa barua ya adabu, haikunitisha. Ilisema kwamba huduma yoyote ya mtandaoni inayotumiwa na watoto, iwe kubwa au ndogo, ina wajibu. Nijue umri wa wanaoingia. Nipate idhini ya mzazi. Nisiweke picha na jina la shule ya mtoto mahali mgeni anaweza kuviona. Niwe na mtu wa kupokea malalamiko na kuyafanyia kazi, na nisifute kumbukumbu ovyo. Niliisoma hadi nusu. Niliichapisha, nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu kama kichekesho. Madam Tabitha, aliyekuwa akisimamia ushauri wa wanafunzi shuleni kwetu, aliisoma yote akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu, hii si ya kucheka," akasema. "Hao watoto usiku wanaongea na nani?"

"Wanaongea hesabu, Madam."

"Umeona?"

"Sisomi barua za watu. Na hii ni tovuti ya mwalimu mmoja wa Molo. Sisi ni wadogo. Waende wakasumbue wale wakubwa."

"Haya," akasema, akaenda darasani. Walimu wengine walicheka pamoja nami. Nakumbuka nilivyofurahia kile kicheko.

Kulikuwa na msichana nitakayemwita Cherono. Si jina lake. Alikuwa darasa la saba, umri kama wako. Mama yake alikuwa akifanya vibarua vya kuchagua viazi kwenye mashamba ya huku juu, mzazi pekee, na alikuwa amemnunulia mtoto simu ndogo ili asome kwenye Meza ya Hesabu. Nilimjua kwa maandishi tu. Alikuwa mwepesi wa sehemu na desimali, na alikuwa na tabia ya kuandika "asante sana mwalimu wangu" hata kama jibu limetolewa na mwanafunzi mwingine.

Siku moja, nikisahihisha mitihani, ujumbe wake ukaingia kwenye kisanduku cha kumwandikia mwalimu. Naujua kwa moyo. Uliandikwa hivi: "Mwalimu kuna mtu wa form three ananisumbua inbox. Alikuwa mzuri lakini sasa ananitisha. Anasema nikimblock atatumia mama picha zangu. Nifanye nini."

Nilikuwa na rundo la karatasi mbele yangu. Nikadhani ni mambo ya watoto, kugombana na kupatana. Nikamjibu: "Mpuuze tu. Soma kwa bidii, mtihani umekaribia."

Hayo ndiyo niliyomwandikia. Nimeyaongeza na kuyapunguza kichwani mwangu mara nyingi, nimejaribu kuyafanya yawe jibu la mtu mwema aliyechoka. Hayabadiliki. Mtoto alitafuta mtu mzima, akampata, na yule mtu mzima akamwambia apuuze.

Aliniandikia tena neno moja: "Sawa."

Baada ya wiki mbili hivi, mama yake alikuja shuleni akiwa na afisa wa polisi, mwanamke, inspekta kutoka Nakuru. Cherono alikuwa ametoka nyumbani siku iliyotangulia kwenda kununua sukari na hakurudi. Walikuwa wamepata simu yake chini ya godoro. Mama yake alikuwa na udongo kwenye viatu, alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, na alinisalimu kwa heshima. Alidhani nitamsaidia. Aliniambia, "Mwalimu, mtoto anakuamini sana, labda amekuambia kitu."

Nikafungua kompyuta. Yule wa kidato cha tatu alikuwa ameandikiana naye miezi mitatu. Mwanzo alimsaidia hesabu, na alimsaidia vizuri. Halafu akamuuliza mama hurudi saa ngapi. Halafu picha akiwa na sare ya shule. Halafu picha nyingine. Halafu vitisho. Mwisho alimwambia aje Nakuru, mara moja tu, atazifuta zote mbele yake. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Inspekta alisoma nyuma ya bega langu. Hakupaza sauti. "Huyu mtoto ana miaka mingapi, kwa rekodi yako?"

"Sikumuuliza."

"Na huyu mwanamume?"

"Anasema yuko kidato cha tatu."

"Nani alithibitisha?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo, mwalimu, hujui nani ni nani humu ndani." Nikasema sijui. Ndipo akauona ule ujumbe wa Cherono na jibu langu. Aliisogeza ile kompyuta kidogo ili mama yake Cherono asione, na hilo lilikuwa jambo la huruma ambalo sikustahili.

Walimpata Cherono baada ya siku mbili, katika chumba cha kukodi pembezoni mwa mji wa Nakuru. Alikuwa hai. Yule "wa kidato cha tatu" alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye kibanda cha kuuza vifuniko na chaja za simu. Inspekta aliniambia baadaye alichosema walipomhoji kwa nini alichagua tovuti yangu. Alisema ile mitandao mikubwa ilikuwa imemfungia akaunti mara mbili. Kule mtu akiripotiwa anaondolewa. Akasema, "Hizi ndogo hazina mwenyewe."

Soma hapo tena, mama. Mimi nilidhani udogo wetu ndio unaotuficha. Yeye alikuwa anautafuta. Mtu kama yule hatafuti mahali penye watoto wengi, anatafuta mahali penye watoto ambapo hakuna aliye macho, na hata kama ni watoto ishirini, kwake wanatosha.

Sasa nifike kwa lile ambalo hata mama yako hajui.

Nilipoanza ile tovuti nilihitaji akaunti ya kujaribia, nikafungua moja kwa jina lako. Niliweka picha yako ile ya sare ya kijani, na jina la shule yako, na darasa. Ulianza kuitumia mwenyewe, nikakuacha. Jioni ile inspekta alipoondoka, baada ya kusema atarudi asubuhi kuichukua kompyuta, nilitafuta ni nani wengine ambao yule mwanamume alikuwa amewaandikia. Walikuwa wasichana kadhaa. Jina lako lilikuwa la nne.

Alikuwa amekuandikia kwa siku tano. Alikuuliza uko darasa la ngapi, ukamwambia la saba. Akasema, "Nawapenda wa la saba, wa form two ni wajuaji." Alikuuliza baba yako huwa wapi jioni. Ukamjibu, "Yuko kwa kompyuta, hanioni."

Huo ulikuwa mwisho wa kuandikiana kwenu. Nilihesabu siku nikakumbuka. Ni wiki ile uliyoacha sufuria za ugali bila kuosha, mama yako akakunyang'anya simu mwezi mzima, ukalia, nami nikakutetea, nikamwambia mama yako amekuwa mkali kupita kiasi. Mimi sikukulinda, Nyambura. Ulilindwa na sufuria chafu na mama asiyebembelezeka. Cherono naye mama yake alikuwa shambani kuanzia alfajiri, na hakukuwa na mtu wa kumnyang'anya simu kwa bahati.

Nikafuta. Nilifuta akaunti yako na kila alichokuandikia, na kumbukumbu za tovuti za wiki zile, kisha nikampa inspekta kompyuta asubuhi. Nilijiambia sitaki mtoto wangu asimame mahakamani. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka mtu yeyote ajue kwamba mwenye tovuti alikuwa amemweka binti yake mwenyewe pale, na picha, na jina la shule.

Kesi ilisikizwa Nakuru. Wakili wa yule mwanamume alisimama akasema mteja wake aliamini msichana, hata akiwa na sare, ametimiza miaka kumi na minane, kwa sababu tovuti haikuuliza umri wala haikuonyesha popote kwamba ni ya watoto. Alinielekea mimi, nikiwa kwenye kizimba cha mashahidi. "Mwalimu, tovuti yako iliuliza umri?"

"Hapana."

"Kulikuwa na watu wazima humo?"

"Walikuwemo walimu wawili watatu."

"Basi mteja wangu angejuaje?"

Nilikuwa najua angejuaje. "Nawapenda wa la saba." Alikuwa ameyaandika mwenyewe, kwako, na mimi nilikuwa nimeyafuta. Nikasema, "Sijui." Cherono alikuwa amekaa nyuma ya pazia walilomwekea. Niliona miguu yake tu, viatu vya Bata vya shule, vimepakwa rangi upya kwa siku hiyo.

Lile shtaka kubwa, la kumdhulumu mtoto akijua ni mtoto, halikusimama. Alifungwa kwa yale madogo. Mwaka jana alitoka.

Cherono hakurudi shule. Walijaribu, alikuwa akifika langoni anaganda. Baada ya hukumu nilikwenda kumwona mama yake, mahali walipokuwa wakichagua viazi kabla lori halijafika. Nilisema samahani. Nikamwambia, kwa sababu nilitaka adhabu kutoka kwa mtu fulani, kwamba serikali ilikuwa imeniandikia mapema, ikaniambia la kufanya, na sikufanya.

Hakuacha kazi yake. Viazi vikubwa upande huu, vidogo upande ule. "Hiyo barua ilikuwa na kurasa ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Mbili," akasema. Baadaye akaongeza, "Mimi sijui kusoma vizuri, mwalimu. Lakini mbili ningesoma." Alinyoosha mgongo, akaniambia kwa upole nisogee, nilikuwa nimesimama juu ya magunia. Mwezi uliofuata walihama. Sijui walikokwenda, na sina haki ya kuuliza.

Wewe tulikwambia mtambo umeharibika. Uliandika kadi ya kuipa pole Meza ya Hesabu, ukaiweka juu ya kompyuta. Mimi niliacha kufundisha mwisho wa mwaka ule nikasema ni afya.

Baada ya yote niliisoma ile barua hadi mwisho, polepole, nikiwa na kalamu. Nilitaka kuona kama kweli ilikuwa mzigo usiobebeka kwa mtu mmoja. Ningefunga ile njia ya faragha, au niiwekee mipaka ili mgeni asiweze kumwandikia mtoto. Ningepiga simu kwa wazazi, nao hawakuwa wengi, nusu yao nakutana nao sokoni. Ningeondoa picha na majina ya shule. Ningemwomba Madam Tabitha awe mtu wa kusoma malalamiko, naye angekubali kabla sijamaliza kuomba. Ni kazi ya Jumamosi mbili. Watoto wengine wangekasirika na kuondoka, ndiyo. Tovuti ingekuwa ndogo zaidi. Na kama nisingeweza hata hayo, kulikuwa na njia nyingine ya uaminifu, kuifunga. Nilikuwa na nguvu za kuwaita watoto waingie, kwa hiyo nilikuwa na nguvu za kuuliza anayeingia nyuma yao ni nani. Sikutaka tu kuzitumia, kwa sababu kile cha kwanza kilinipa sifa na cha pili kingenichosha.

Wewe si mimi. Una akili kuliko mimi na moyo wako ni safi, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu wangu pia ulikuwa safi. Sikuwa mtu mbaya jioni ile nilipoandika "mpuuze tu." Nilikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi ambaye hakuwa amejipangia afanye nini mtoto akiandika maneno kama yale. Kanuni zile ziliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo. Mtu mbaya hazimzuii sana.

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kuendelea kunyamaza hadi nife. Jumatatu nakwenda Nakuru kwa yule inspekta. Bado yuko kazini, nimeulizia. Nitamwambia nilichofuta na kwa nini. Sijui sheria itanifanya nini, na sijui kama itamsaidia Cherono chochote sasa. Huenda wakakupigia simu kukuuliza unachokumbuka. Usinikinge. Kama unakumbuka, sema. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Mama yako nitamwambia kesho, tukishakusindikiza, na hilo naliogopa kuliko kituo cha polisi.

Una ruhusa ya kunikasirikia kwa muda wowote utakaohitaji. Usipopokea simu yangu nitaelewa, nitampigia mama yako anipe habari zako.

Lakini kabla hamjamfungulia mtoto wa kwanza mlango, wewe na wenzako, kaeni mezani mjiulize nani kati yenu atakayesoma ujumbe wa mtoto atakayeandika "nifanye nini," atausoma saa ngapi, na atampigia nani. Msipokuwa na jibu, msifungue. Wenzako wakisema nyinyi ni wadogo, wape barua hii waisome yote. Nimeweka jina langu kamili hapa chini, kama nitakavyoliandika kwa inspekta. Ukiwaonyesha, usilifunike.

Baba yako,
Josphat Kariuki Nyaga,
aliyekuwa mwenye Meza ya Hesabu, Molo